Nusu Lita Kabla ya Kipimo

Jumatatu, 16 Oktoba

Baridi kali. Ndoo ya uani ilifanya kifuniko cha barafu, nikakipasua kwa mpini wa mwiko. Asubuhi nimechoma sindano watu watatu — mama wa duka la mkate (mgongo), binti wa fundi viatu (koo), na mzee Ubaldo ambaye haumwi kitu, anapenda tu kuchomwa. "Mkono wako mwepesi, Delfina," anasema kila mara. Namchoma vitamini, anaondoka ameridhika.

Mchana akaja Zenobio, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu Teodulo. Alisimama mlangoni akihema kama aliyepanda ngazi mia, na mtaa wetu ni tambarare! Midomo ya zambarau. Macho mekundu.

"Usinitazame hivyo, shemeji. Sijalewa. Bado."

Akanywa vikombe viwili vya chai ya majani ya koka. Akasifu chai. Akasifu pazia. Zenobio tangu lini akasifu pazia? Nikajua lipo jambo.

Kabla ya kutoka akasema kwa sauti ya chini kwamba kipimo cha afya cha mgodini ni tarehe sita mwezi ujao. Kisha akapandisha mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko, mara moja tu, akaushusha.

Nikasema viazi vyangu vinaungua. Hata sikuwa nimebandika viazi.

Jumanne, 17 Oktoba

Siwezi kukaa kitako. Nimefua mapazia yale yale aliyoyasifu. Nimepanga upya sindano, pamba, spiriti. Nikakuta mpira wa kufungia mkono, ule wa kahawia, bado una alama ya kalamu ya Teodulo: alichora uso unaocheka mwishoni mwake, ili asiogope, alisema. Mwanamume aliyelipua miamba miaka ishirini na sita, anaogopa sindano!

Nimeurudisha ndani ya kopo. Nimefunga kopo. Nimeliweka juu ya kabati, nikalishusha, nikaliweka chini ya kitanda.

Miezi minane sasa tangu tumzike.

Alhamisi, 19 Oktoba

Zenobio amerudi. Safari hii hakusifu kitu.

"Shemeji, nisaidie kama ulivyomsaidia kaka."

Hilo ndilo neno alilotumia. Kumsaidia.

Nimwandikie nani, basi, kama si daftari hili? Miaka saba mfululizo, kila kabla ya kipimo cha mwaka, nilimtoa Teodulo damu jikoni hapa hapa. Nusu lita Jumamosi, nusu lita siku ya kipimo, na dripu ya maji ya chumvi baada ya kila moja. Wanaume wote wa chini ya mgodi wanajua jambo hili. Kila mtaa una mtu wake wa kulifanya, na mtaa huu mtu ni mimi — nilisoma uuguzi msaidizi miezi sita, basi. Damu ya watu wa huku juu milimani hunenepa. Ikipita ishirini na moja kwenye mashine, daktari wa kampuni anaandika "hafai" na mkataba unakwisha. Kwa hiyo tunaipunguza, tunaichanganya na maji, mashine inasoma ishirini na nukta kidogo. "Anafaa." Muhuri. Bia mbili za kusherehekea.

Ilitoka polepole, nyeusi, kama asali ya miwa iliyopoa. Nilikuwa naizika karibu na ukuta. Mwaka mmoja mbwa aliifukua.

Nilimwambia Zenobio nitafikiri. Akaniuliza nifikiri nini. Amepimwa kwenye maabara ya binafsi, akaandikisha jina la mbwa wao ili asijulikane.

"Mbwa ana ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na nne nukta moja. Mbwa mwenye afya, shemeji! Damu ya mbwa wawili."

Tulicheka. Kisha akakohoa hadi akashika meza.

Jumapili, 22 Oktoba

Baada ya misa nilipita kwa mama mkwe, mama Asunta. Nilimkuta ameketi juani, amejifunika shali mbili. Nikamwambia Zenobio anaonekana mgonjwa. Akanishangaa.

"Mgonjwa? Yule? Hukuona mashavu yake? Mekundu kama tufaha! Wanangu wote wana damu ya watu wawili. Watu wa pwani ndio wagonjwa, weupe kama jibini."

Alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya Teodulo. Na sisi sote tulifurahi kusikia. Mimi pia. Nilipoolewa nilijivunia mashavu ya mume wangu! Nilidhani nimepata mwanamume imara, kwa vile wa dada yangu alikuwa mweupe.

Sikubishana. Ana miaka themanini na moja, amezika mtoto mmoja mwaka huu. Nikamkata kucha, nikaondoka.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimekwenda zahanati kuchukua pamba, nikakaa saa nzima. Nesi Rosaura alikuwa peke yake, anakula supu ya kichwa cha kondoo kwenye kikombe. Yeye ni binti wa huku huku juu, kasoma Lima, mji mkuu, karudi. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, damu nzito ni kitu gani hasa.

"Nani anaumwa, mama Delfina?"

"Hakuna. Najiuliza tu."

Akanitazama. Akasukuma kikombe kando, akachora nyuma ya fomu ya chanjo.

Naandika nilivyoelewa, nisije nikasahau. Ndani ya damu mna vitu vidogo mno vinaitwa hemoglobini. Kila kimoja kina viti vinne, na katikati ya kila kiti mna chembe ya chuma. ("Hata ndani ya miili yetu tuna migodi," Rosaura alisema, akacheka mwenyewe.) Damu inapopita mapafuni, oksijeni inakuja kukaa kwenye vile viti. Wa kwanza hukaa kwa taabu. Lakini akishakaa, kitu chote kinajigeuza umbo, kinalegea, na wa pili anakaa kwa urahisi, wa tatu kwa urahisi zaidi, wa nne karibu anajirusha.

Nikamwambia: kama kucheza ngoma harusini. Kwenye harusi ya binti yangu Nélida wanawake wote walikaa ukutani wameshika mikoba. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Teodulo akamvuta shangazi yake katikati — dakika mbili baadaye hapakuwa na mtu kwenye viti!

"Ndiyo!" Rosaura akapiga meza. "Na kuondoka vile vile. Mmoja akiaga, wote wanatafuta mashali yao."

Maana damu ikifika kwenye mwili unaofanya kazi — mguu unaopanda, mkono unaochimba, penye joto na uchachu — hemoglobini inaachia. Mmoja anashuka, wengine wanafuata. Mwili unakula. Damu iliyoshika ni nyekundu kama pilipili. Iliyokwisha achia ni nyeusi.

"Watu wanafikiri kushika ndiyo kazi yake," alisema. "Kushika ni nusu tu. Ingeshika bila kuachia ungekufa umejaa oksijeni."

Nikamuuliza, na huku kwetu? Akasema huku hewa ni chache, viti vingi vinarudi vitupu. Mwili unaogopa. Unasema: niongezee hemoglobini! Unaongezewa. Mwanzo ni vizuri. Kwa wengine mwili haujui kuacha, unaongeza, unaongeza, mpaka damu ni uji na haipiti tena kwenye mishipa myembamba. Viti vimejaa tele, na vimekwama njiani. Moyo unasukuma matope. Kichwa kinauma, masikio yanavuma, mtu halali.

"Halafu?"

"Halafu donge. Kichwani au mapafuni."

Nikamuuliza kama kupunguza damu kunasaidia.

"Kunampumzisha. Wiki chache. Halafu mwili unatengeneza nyingine. Dawa ya kweli ni kushuka, mama. Akishuka Huánuco, kule bondeni, mwezi mmoja au miwili, damu inapungua yenyewe."

Nilipokuwa mlangoni akasema, bila kuinua macho: "Kuna kitu kilinisumbua kuhusu mume wako. Hospitali ilipopokea karatasi zake, namba zilikuwa nzuri. Miaka saba, nzuri. Ndiyo maana walimtibu kipandauso, kumbe ni donge."

Sijui nilitembeaje hadi nyumbani. Pamba nimeisahau huko huko.

Alhamisi, 26 Oktoba

Namba zilikuwa nzuri.

Ni mkono wangu ulioziandika.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimeosha sufuria zote. Nimekwenda sokoni mara mbili, mara ya pili sikununua chochote. Nimempigia Nélida Huánuco, akadhani nimefiwa tena. Nikamwambia hapana, nataka kusikia sauti yako. Akasema, kama kawaida, "Mama, shuka. Chumba kipo. Una miaka hamsini na sita, wanawake wakikoma hedhi damu yao nayo inanenepa kama ya wanaume, nimesoma." Nikasema nitashuka Krismasi. Akasema ulisema Krismasi iliyopita.

Nikauliza kama kuna kazi huko kwa mtu kama baba yake mdogo. Akamuuliza mumewe. Ghala la kahawa linatafuta mlinzi. Nusu ya mshahara wa mgodini, lakini ipo; wanataka mtu kabla ya katikati ya Novemba.

Teodulo alishuka mara moja tu kwa siku nyingi, kwa ile harusi. Siku ya nne midomo yake ikawa rangi ya waridi. Nilimtazama asubuhi akinyoa, nikamwona kijana niliyemjua zamani! Akasema, "Delfina, hewa ya huku ni nzito kama maziwa." Alilala hadi saa tatu. Siku ya sita tukapanda basi kurudi, maana zamu yake ilikuwa inaanza.

Tulikaa siku sita.

Jumamosi, 28 Oktoba

Zenobio kaja, nikamweleza habari za ghala. Nilieleza vizuri, polepole, nilikuwa nimejipangia maneno.

"Mimi? Nilinde magunia?"

"Ni kazi, shemeji."

"Ni kazi ya mzee Ubaldo! Nitakaa kwenye kiti na filimbi?" Akavimbisha mashavu, akapuliza filimbi ya hewani, akaniiga mimi nikitembea na mkoba wa sindano. Anaigiza vizuri, mtu huyu. Sikuweza kujizuia kucheka. "Miaka kumi na tisa nimetoboa mwamba, shemeji. Nikishuka mgodini mashine inanijua. Huko Huánuco hata mbwa hatanijua."

"Mbwa wenu yuko hoi," nikasema. "Ishirini na nne."

Hakucheka hapo. Alisema mkewe, Irma, ameshalipia chuo cha binti yao mkubwa muhula mmoja. Mmoja tu. Alisema jina lisilofika kwenye kipimo siku yake linafutwa, na lililofika na damu mbaya linafutwa vile vile, na wapo vijana arobaini nje ya geti wanaosubiri majina yafutwe.

Nikamwambia niliyoambiwa na Rosaura kuhusu karatasi za kaka yake. Niliyasema yote. Mkono wangu, namba, kipandauso.

Akafunga kifungo cha koti, akakifungua. Kisha akasema, "Kaka alijua, shemeji. Aliniambia. Alisema akienda hospitali na namba za kweli, kampuni itazipata siku hiyo hiyo. Usijibebeshe."

Aliyasema kwa upole. Ndiyo maana yalinichoma.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimeoka mikate yenye umbo la watoto kwa ajili ya siku ya marehemu. Nyuso za unga, macho ya zabibu kavu. Nimetengeneza tisa. Mmoja umepasuka shavu.

Irma alikuja kunisaidia kukanda. Nilidhani ametumwa. Ametumwa, ndiyo, lakini si na Zenobio. Amejituma.

"Dada, halali," alisema. "Anakaa kitandani, anashika ukuta. Akisinzia anaacha kupumua, namhesabia — moja, mbili, tatu — nafika kumi na tano, ishirini, namtikisa. Nami silali. Nimekonda, tazama." Akanionyesha pete inavyozunguka kidoleni. "Wewe ulipomtoa kaka Teodulo, alikuwa analala?"

Nikasema ndiyo. Kweli, alikuwa analala. Kila mwaka baada ya ile nusu lita ya kwanza, alilala kama jiwe siku mbili, akaamka na njaa, akaimba kwenye karo. Nilisubiri zile siku mbili mwaka mzima.

"Basi mtoe. Sisemi kwa ajili ya kampuni. Kwa ajili ya usingizi tu. Siku mbili, dada."

Nikamuuliza, na ikiwa atapita kipimo? Akashuka tena mgodini mwaka mzima?

Irma akaweka zabibu mbili kwenye uso wa mkate, akazitoa, akaziweka tena.

"Na asipopita," akasema, "utatulisha wewe?"

Kisha akalia, akaniomba radhi, tukaoka.

Alhamisi, 2 Novemba

Makaburini. Upepo ulikuwa unaangusha mashada. Nilimwekea Teodulo mkate wenye shavu lililopasuka, maana angeuchagua yeye mwenyewe. Kila kitu kibovu alikuwa anakionea huruma. Bia moja. Supu kwenye chupa ya chai. Mama Asunta alikaa kwenye kiti cha plastiki akamwambia mwanawe habari zote za mwaka, nani kaoa, nani kahama. Hakupunguza sauti hata kidogo.

Nimehesabu bila kutaka. Kwenye mstari wake, kutoka bombani hadi ukutani, wanaume kumi na wanne. Mmoja tu alipita miaka sitini.

Zenobio alimwagia bia kaburi, kidogo, nyingine akanywa. Kutoka getini hadi hapo alisimama mara tatu. Mara ya tatu alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Buti zake hazina kamba.

Mama Asunta akamwita, "Zenobio, njoo nikuone. Tazameni mashavu! Kama kaka yake!"

Kisha mama Asunta akainuka kitini. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kiazi.

"Unasikia baridi, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Mbona midomo hiyo?"

Nilikusanya vikombe.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimempelekea Rosaura mkate. Nikamwambia jina.

Akasema alilijua. Akasema angeweza kwenda kwa Zenobio, kumwandikia barua ya kushuka, lakini hajawahi kuona mtu wa mgodi akiichukua barua ile; wanaikunja, wanaikalia. Nikauliza yeye angefanya nini. Akasema angemtoa damu, maana yuko karibu na hatari, halafu angempeleka Huánuco siku hiyo hiyo, si kwenye kipimo.

"Lakini mimi ni nesi tu," akasema. "Wewe ni shemeji yake."

Sijui alimaanisha nini. Au najua.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimemtoa.

Alikuja saa nne asubuhi, ameoga, amevaa shati safi kama anayekwenda benki. Nilimkalisha kwenye kiti cha Teodulo. Kingine mguu umevunjika. Kile kidude cha kubana kidole alichoniletea Nélida, cha kupima oksijeni ya damu, kilisoma sabini na tatu. Nikafunga mpira. Akaona uso unaocheka, akauliza ni nani huyu. Nikamwambia.

"Ana pua kubwa kama yeye."

Mshipa ulijitokeza wenyewe, mnene kama kamba ya kufulia. Niliingiza sindano, nikaweka mfuko sakafuni. Ikaanza kushuka. Nyeusi. Polepole. Nilikuwa nimesahau jinsi isivyo na haraka. Ilibidi afumbe na kufumbua ngumi mara nyingi, nami nikaufinya mrija kwa vidole, kidogo kidogo, kama mtu anayekamua mbuzi mgumu.

Niliutazama mfuko ukijaa, nikawaza viti vile. Hemoglobini zote hizo! Mwili wake umezitengeneza moja moja kwa hofu, umpe pumzi. Zimefanya kazi bila kosa. Ni wingi wake tu.

Dakika arobaini. Kisha dripu. Rangi ilianza kumrudia masikioni. Akasema vile vile alivyokuwa akisema kaka yake: "Kichwa kimefunguka dirisha."

Sikuizika damu ukutani. Niliipeleka zahanati, kwenye pipa lao jekundu. Rosaura akaipokea, akafunga kifuniko.

Jumapili, 5 Novemba

Irma kapiga simu mapema, ananong'ona. Amelala! Saa tisa mfululizo! Alihesabu pumzi zake mpaka yeye mwenyewe akasinzia. Ameamka, amekula mayai matatu, amemtania mama mkwe. Irma alikuwa anacheka na kulia kwenye simu. "Mungu akubariki mkono wako, dada."

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi. Halafu nikaenda kuchota maji, nikasimama bombani hadi ndoo ikafurika juu ya viatu vyangu.

Zenobio naye alichukua simu. Jana jioni amempima tena mbwa: ishirini na mbili nukta tatu. "Moja bado, shemeji. Kesho nusu lita nyingine, na mbwa anafaulu mtihani!" Kundi lao limepangiwa saa nane mchana. Basi la kampuni litawachukua kona ya duka la mkate saa saba kamili. Anakuja saa tatu, alale kidogo hapa nikimaliza, maana kwao wajukuu wa jirani wana kelele.

Nikasema njoo.

Nilimpigia Nélida. Ghala bado linasubiri mtu.

Jumatatu, 6 Novemba

Saa tatu na nusu asubuhi. Amekuja. Ana karatasi zake kwenye bahasha ya plastiki, kitambulisho, picha mbili. Amenyoa. Alijikata kidogo kidevuni, damu imeganda pale pale, doa jeusi. Kidole: sabini na tano.

Nilimwambia, kabla ya kufunga mpira, "Shemeji, mara hii ni ya mwisho. Mwakani sifanyi."

"Mwakani nitakuwa nimeacha," akasema. "Mwaka mmoja tu, binti amalize."

Teodulo alisema hivyo mwaka wa tatu. Na wa tano. Sikumwambia. Nikafunga mpira.

Saa tano kasorobo. Nusu lita imetoka. Ilishuka haraka kuliko ya Jumamosi, na haikuwa nyeusi sana. Dripu inaingia. Ameniuliza hivi kweli hemoglobini ina viti vinne, au Rosaura ananidanganya? Nikamweleza yote, na harusi, na shangazi aliyevutwa katikati. Akasikiliza akiwa amefumba macho. "Kwa hiyo mimi ni harusi iliyojaa mno," akasema. "Watu wamesimama hadi barabarani, hakuna anayeweza kucheza."

Sikuweza kusema vizuri zaidi.

Saa tano na robo. Nimetoa dripu. Amejinyoosha kwenye benchi karibu na jiko, nimemfunika blanketi la Teodulo. "Niamshe saa sita na nusu. Usinisahau, shemeji." Nikasema sitakusahau. Kabla sijafunga pamba alikuwa ameshalala.

Saa sita. Amelala. Nimekaa mezani na daftari. Nahesabu kama Irma: pumzi, pumzi, pumzi. Hakuna pengo. Mara moja tu nilifika nne, nikasimama, akavuta hewa. Nimembana kidude kidoleni bila kumwamsha: themanini na mbili. Themanini na mbili! Huku kwetu hiyo ni ya kijana.

Nimetengeneza chai. Sijainywa.

Saa sita na nusu. Midomo yake ni ya waridi.

Nimesimama nimwamshe. Nikaona bahasha yake mezani, ile picha ya pasipoti juu, uso wa zambarau unaotabasamu. Nikakaa.

Hii si haki yangu. Naandika nijisomee: hii si haki yangu. Nyumba si yangu, binti wa chuo si wangu, wala njaa haitaanzia kwangu mshahara ukikatika. Irma aliniuliza kama nitawalisha. Nina chumba cha Nélida na ghala la magunia.

Kaka yake nilimwamsha kila mara. Mara saba. Nilimpa koti, nilimfuta kidevu, nilimsukuma mlangoni.

Saa saba kasoro dakika kumi. Wanaume wanapita dirishani kwenda kona. Wanataniana nani amekunywa maji mengi zaidi. Mmoja ameuliza, Zenobio yuko wapi, kaogopa sindano? Wamecheka. Hawajui yuko hatua tano kutoka kwao, nyuma ya pazia.

Nimelivuta pazia vizuri.

Saa saba. Injini. Basi limesimama, halizimi.

Anageuka kwenye benchi. Ametamka kitu. Si jina langu wala la Irma. Amerudi kulala.

Honi. Moja, ndefu.

Simu yake inatetemeka kwenye mfuko wa koti, juu ya kiti. Nimeitoa. Ni Irma. Naitazama inavyotetemeka kiganjani mwangu. Imenyamaza. Imeanza tena.

Honi ya pili. Mtu anataja jina lake kwa sauti, kutoka kwenye orodha, Zenobio Atencio, mara mbili.

Bega lake liko nje ya blanketi. Nikinyoosha mkono nalifikia, hata bila kusimama. Dereva ana desturi ya kungoja dakika tano, nami bado naandika.